Moshi wa Kwanza

Dharma Giri, Parigi
Jumamosi, 13 Januari

Kwa Bli Komang Wiradana, mwenye kalenda ya Kalangan,

Nakuita Bli kwa sababu sijui umri wako, na kumwita mtu kaka hakujamwua yeyote. Mimi ni Ni Ketut Rentini, mwalimu wa darasa la tano katika kijiji cha Wabali huku Sulawesi. Babu zetu walihamia hapa miaka sitini iliyopita na miungu yao, majembe yao na ubishi wao. Shuleni tuna kompyuta moja ya mezani, ya msaada, na ndani yake tulikuta kalenda yako. Nikiiwasha asubuhi, mwezi wako mdogo unakaa pembeni ya kioo na kuniambia leo ni tarehe ngapi ya mwezi na kama siku inafaa kukata mianzi. Nimejifunza humo mambo ambayo baba yangu hakuwahi kunifundisha.

Sasa naomba radhi mapema. Mwezi wako una kasoro. Desemba programu ilisema mwezi umekufa tarehe 20. Alfajiri ya tarehe 20 nilikuwa nje nachota maji, nikauona mwezi kwa macho yangu haya, mwembamba kama ukucha, upande wa mashariki. Mwezi mfu hauonekani, Bli. Nikaamka tena kesho yake, ndipo mashariki pakawa patupu. Umetangulia kwa siku moja.

Huku kwetu hakuna mtandao. Kila Jumamosi nashuka sokoni Parigi na barua zangu kwenye flashi, nazituma kutoka duka la Daeng Malewa na kusoma zilizokuja. Ukinijibu kesho, nitakusoma Jumamosi ijayo.

Anayekusumbua,
Ni Ketut Rentini

*

Munduk, Bali
Jumatatu, 15 Januari

Mbok Rentini,

Nami nakuita dada mkubwa, ili tusidaiane heshima. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nikueleze barua nilizozoea. Naamka, nakoroga kahawa, nakaa barazani na kompyuta, na mbele yangu Mama anaanika karafuu uani. Nafungua sanduku la taarifa, yaani kasoro ambazo watumiaji wanaziripoti. Kuna bwana mmoja wa Finlandi ameandika mistari arobaini kwa sababu kitufe kimesogea kiasi cha upana wa sisimizi. Kuna mwingine ameandika "haifanyi kazi", basi, hana jina wala salamu. Kuna anayenitukana kwa kitu nilichompa bure. Nawajibu wote mpaka saa nne, kisha naenda kutengeneza kompyuta za watu wa hoteli, maana hizo ndizo zinazotulisha. Mama ananiambia kila siku, "Mwanangu, jirani yako Putu anaogesha ng'ombe wake mwenyewe. Wewe unaogesha ng'ombe wa dunia nzima."

Katika miaka tisa wewe ndiye mtu wa kwanza kuilinganisha programu yangu na mwezi wenyewe. Mimi mwenyewe sijawahi. Nimeona aibu, kisha nikafurahi mno.

Kasoro nimeiona. Unajua kwamba kila siku sitini na tatu, siku moja humeza tarehe mbili za mwezi. Wazee wetu waliligundua hilo bila karatasi. Oktoba nilipopanga upya hesabu, nilianza kuhesabu kutoka sifuri badala ya moja. Ndio ugonjwa wa watu wa kazi yetu: mtu wa kawaida akihesabu embe anaanza na moja, sisi embe la kwanza tunaliita sifuri. Nimerekebisha kabla kahawa haijapoa na barua yako, niliyoiandikisha kama taarifa namba 412, nimeifunga, maana yake kazi imekwisha.

Umenifundisha kuinua macho. Asante sana.

Komang

*

Dharma Giri
Jumamosi, 3 Februari

Bli Komang,

Nilifurahi hadi nikamsimulia mama mkwe. Akaniuliza mashine ikiumwa hesabu huwa inapelekwa kwa mganga gani. Mama mkwe wangu hajanyamaza tangu niolewe, utamzoea.

Sasa nikueleze kwa nini nilikusumbua. Kijiji chetu kina siku yake ya kimya. Si ile ya Wabali wote iliyomo katika kalenda ya serikali. Hii ni ya mashamba, tulikuja nayo wenyewe. Mpunga ukishabeba mimba, siku mwezi unapokufa, hakuna kuwasha moto, hakuna kufanya kazi, hakuna kutoka nje ya ua, hakuna kusema hata neno moja. Inaanza gogo la hekalu linapogongwa kabla ya alfajiri, inakwisha alfajiri ya pili. Wazee wanasema siku hiyo tunaupisha mpunga, tuuachie dunia. Kuimaliza hakugongwi kitu. Yeyote akiona pamekucha anawasha jiko lake, na moshi wa kwanza ndio ruhusa ya wote.

Siku hiyo alikuwa akiitafuta Babu Sadra kwa ubao wake wa kuhesabia. Babu Sadra alifariki mwaka jana, na tulipoufungua ubao kutoka kitambaani tukakuta mchwa wameshausoma wote. Kalenda za kununua kutoka Denpasar hutufikia mwezi wa tano, zikifika. Basi mkutano ukaitishwa. Mkuu wetu wa mila, Gde Mertayasa, akauliza, "Nani kati yenu anajua kuhesabu?"

Watu wakatazama vidole vyao vya miguu. Mimi mdomo wangu ukaniponza. "Kompyuta ya shule inajua."

"Hesabu ya humo ni ya nani?"

"Ya kaka mmoja wa Munduk."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Anaigawa bure."

"Mtu anagawa siku bure?" Watu wakacheka, na mama mkwe akacheka kuliko wote. Lakini Mkuu hakucheka. Akasema, "Haya, Mwalimu. Siku ya mpunga tumekukabidhi. Ikienda mrama, sheria unaijua. Anayekipotosha kijiji haongeleshwi. Wewe, na huyo kaka yako."

Kutoongeleshwa si mchezo, Bli. Mwaka nilioolewa kulikuwa na bwana mmoja hapa aliyekaa miezi minane bila kuambiwa hata pole. Mwishowe alikuwa akizungumza na bata, kisha akahama. Mimi nina mume hapa, nina darasa, nina watoto arobaini wanaoniita kwa jina siku nzima. Sijui ningeishije.

Karatasi nimeshaichapisha kutoka kwenye kalenda yako. Siku ni Jumatano, tarehe 18 Aprili. Wino uliishia nyumba ya nane, kwa hiyo wanafunzi wamenakili nyingine kwa mkono, nyumba mia tatu na kumi. Ningependa kuhakikisha kwa macho kama Desemba, lakini tangu wiki ile ni mvua tu, alfajiri hatuoni hata mlima. Niambie tena kwa maandishi: hesabu ni sahihi?

Rentini

*

Munduk
Jumanne, 6 Februari

Mbok,

Nyumba mia tatu na kumi! Nilimsomea Mama, akaacha karafuu zake akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni. Mimi huwa sijui ni watu wangapi wanaotumia Kalangan. Haihesabu watu, haimchungulii mtu, nilitaka iwe hivyo. Naiachia tu iende. Leo umeniambia kwamba kuna mahali watu watazima moto kwa sababu yake.

Hesabu ni sahihi. Nimeipima miaka mia mbili nyuma na miaka mia mbili mbele, haikosei hata siku. Mwambie Mkuu wenu hivyo hivyo. Na mwambie mama mkwe kwamba mganga ni mimi.

Sasa hivi nimezama kwenye picha. Binti mmoja wa Bandung ananichorea miezi mipya ishirini na tisa, mmoja kwa kila siku, kwa mkono, bure kama mimi. Nimeona hadi wa kumi na saba. Toleo jipya litatoka picha zikikamilika, sitaki kulitoa na ile miezi ya zamani iliyofanana na vitumbua. Ukiiona utafurahi.

Komang

*

Dharma Giri
Jumamosi, 14 Aprili

Bli,

Haraka haraka, maana pikipiki inaningoja. Jumatano ndiyo siku. Mpunga umevimba shingo, unapendeza hadi unatisha. Wanawake watapika Jumanne chakula cha siku moja, wanaume wanasuka makuti ya kufungia lango. Mama mkwe ameibandika karatasi ya tarehe mlangoni kwetu mwenyewe, na anawaambia wapitao njia, "Mkwe wangu huyo." Mwaka wa kumi na mmoja wa ndoa, Bli, na ndiyo mara ya kwanza nasikia sifa kutoka kinywa kile.

Picha za mwezi zimefika ya ngapi?

Rentini

*

Munduk
Jumapili, 15 Aprili

Mbok Rentini, USIIFUATE KARATASI. Siku ya kweli ni Alhamisi, tarehe 19.

Najua hutaisoma hii kabla ya Jumamosi, lakini sina mahali pengine pa kupiga kelele.

Leo mtu wa Lombok ameandika chini ya taarifa yako namba 412: "Ulisema Januari umerekebisha. Kwangu mwezi bado unatangulia siku moja. Umerekebisha wapi, kichwani?" Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

Mbok, niliyoirekebisha iko kwangu. Iko ghalani, mahali tunapoweka kazi kabla ya kuigawa, na yeyote anayejua njia anaweza kuichukua. Lakini kompyuta ya shule yako ina ile ya Oktoba, na itabaki na ya Oktoba mpaka mimi nitoe toleo na mtu akuletee. Mimi nilifunga taarifa nikaona jambo limekwisha. Watu wa kazi yetu tunasahau hilo kila siku, maana sisi wenyewe tunaishi ghalani. Na toleo nimelishikilia kwa ajili ya picha. Kwa ajili ya picha, Mbok! Na tarehe 18 uliniandikia tangu Februari, ilikuwa mbele ya macho yangu, sikuihesabu. Nilikuwa nafurahia kusifiwa.

Leo nimelitoa, na vile vitumbua vya zamani. Imechukua dakika ishirini. Nimekaa na dakika ishirini hizo wiki kumi na tatu.

Kesho nitamtafuta Daeng Malewa kwa simu.

Komang

*

Munduk
Jumanne, 17 Aprili

Mbok,

Nimempata Daeng jana. Nilipomweleza alicheka. "Sisi Waislamu kila mwaka tunagombania mwezi, leo na nyinyi mmeanza?" Nikamwambia habari ya kutoongeleshwa, akaacha kucheka. "Mwalimu Rentini? Aa, huyo hapana, bwana. Huyo ananisahihishia hesabu zangu za duka bila kutaka hata peremende." Akapanda pikipiki leo asubuhi. Mchana amenipigia akiwa ukingoni mwa mto, nasikia maji yanavyonguruma nyuma yake. Daraja la mianzi limekwenda na mvua ya juzi. Amepiga kelele hadi sauti ikamkauka, ng'ambo hakuna mtu. Wote wapo juu wanafunga lango.

Mama ananiambia nile. Sili.

Komang

*

Munduk
Jumatano, 18 Aprili

Mbok,

Leo mmenyamaza. Nimekaa barazani tangu kupambazuke na sijafungua taarifa hata moja. Nyumba mia tatu na kumi hazina moto sasa hivi, watoto wameshika midomo, mbwa wanashangaa, na yote hayo yametoka kwenye mstari mmoja nilioandika Oktoba nikiwa nakula ndizi ya kukaanga. Hakuna mtu aliyewahi kunitii maishani. Hata paka wa humu ndani hanitii. Nakuambia kweli, nimeogopa, na ndani ya woga kuna kitu kingine nisichokijua jina, kama ukiingia hekaluni ukakuta wameshaanza.

Nitasema mbele ya kijiji chenu kwamba kosa ni langu. Wewe uliona mwezi. Wewe ndiye pekee uliyeuona.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Siwezi kuwarudishia, lakini kesho sitafungua kompyuta, sitaandika, sitasema na mtu. Mama nimeshamwambia. Amesema, "Afadhali."

Komang

*

Dharma Giri
Ijumaa, 20 Aprili

Bli Komang,

Naandika darasani, watoto nimewapa wachore. Sijui kama umeniandikia, daraja limekatika, ila wanasema kesho litapitika. Nataka uisikie kutoka kwangu kabla mwingine hajaitia chumvi, ingawa hii haihitaji chumvi.

Jumatano gogo liligongwa kukiwa bado giza. Mvua ilikuwa imekatika usiku na mbingu ilikuwa safi ajabu. Mwaka mzima sijaona mbingu kama ile. Tukatoka uani mimi, mume wangu na mama mkwe kutazama mashariki, maana ndiyo desturi, kuuaga mwezi mfu. Na pale juu ya mlima, Bli, mwezi ukachomoza. Mwembamba, mweupe, mzima.

Gogo lilikuwa limeshalia. Hakuna aliyeweza kusema.

Mume wangu aliutazama, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Mama mkwe akauonyesha mwezi kwa kidevu. Akanionyesha mimi kwa kidevu. Kisha akauonyesha tena mwezi, nisije nikadhani amekosea. Nikaona uani kwa jirani vichwa vimesimama vyote vimeelekea mashariki, na kwa jirani wa pili, na ng'ambo ya mfereji. Kijiji kizima kilikuwa nje kinaangalia kosa langu, na hapakuwa na mtu anayeruhusiwa kunikemea.

Sijui kama nitaweza kukueleza siku ile. Nilikaa kwenye mkeka. Mama mkwe alikaa mbele yangu na kunikodolea macho tangu asubuhi hadi jua lilipotua, bila kusema. Miaka kumi na moja nimemwomba Mungu amnyamazishe, na siku aliponyamaza nilitamani anitukane. Nilijua kinachofuata. Kimya kile kilikuwa cha wote, lakini kesho yake wote wangetoka na mimi ningebaki ndani yake. Niliwahesabu wanafunzi wangu kwa majina kichwani, arobaini, nikawaaga mmoja mmoja.

Alhamisi niliamka kabla ya kila mtu, nikatoka. Mashariki palikuwa patupu. Nyota tupu, na ukingo wa mlima. Mwezi ulikuwa umekufa, siku yake, bila kumwuliza mtu. Nikasema moyoni, ndiyo leo, na sisi tumeshaimaliza. Nikasimama kungoja moshi.

Mama mkwe akatoka. Akatazama mashariki kwa muda mrefu. Akaingia jikoni, nikasikia anachakura akitafuta kibiriti. Akatoka nacho mkononi. Akasimama mlangoni. Kisha akakitia kifuani mwake, ndani ya blauzi, akarudi kukaa mkekani.

Nikageuka kwa jirani. Hakuna moshi. Ng'ambo ya mfereji hakuna moshi. Kulikuwa kunakucha, Bli, tena kunakucha vizuri, jua likapiga mapaa ya upande wa chini, kisha ya juu, na kutoka kwenye nyumba mia tatu na kumi haukupanda moshi hata wa uzi. Hakuna aliyegonga gogo. Hakuna aliyepita kutangaza. Hakuna aliyeruhusiwa kumnong'oneza mwenzake tangu jana. Nikaona ndege wanapita chini chini juu ya mpunga, maana hata wao walijua hakuna mtu. Nilipiga magoti pale pale uani. Sikuwa naomba kitu, nilikuwa natazama tu.

Chakula kilikuwa cha siku moja. Tuligawana wali baridi uliobaki, ngumi moja kila mtu, na mama mkwe akanipa nusu ya wake. Alinisukumia kwa kidole, uso kaugeuza kando.

Leo alfajiri moshi ulipanda kila mahali kwa pamoja, sijui wa kwanza ulikuwa wa nani. Kabla chai haijachemka gogo likaita mkutano. Nilisimama mwenyewe, sikungoja kuitwa. Nikasema, "Kosa ni langu. Niliona kasoro Desemba, nikaambiwa imerekebishwa, nikachapisha bila kuona tena kwa macho. Kaka wa Munduk hakuwalazimisha. Mimi ndiye niliyewaletea karatasi."

Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Akawageukia watu. "Juzi tulinyamaza kwa sababu karatasi ilisema. Jana nani aliwaambia?"

Akamnyooshea kidole mmoja.

"Wewe Nengah?"

"Hakuna mtu, Mkuu. Niliona mwezi umekufa, nikasema mimi na mke wangu tutakaa. Wengine wakiwasha, shauri yao."

"Na wewe Bibi Rai?"

"Mimi nilidhani niko peke yangu," akasema Bibi Rai, na akaanza kulia, kikongwe yule anayeuza vibiriti. "Nilichungulia kwa wenzangu nikasema, hawa wamechelewa kuamka tu."

"Na mimi!" akasema mwingine. "Na sisi!" Kila mtu, Bli. Kila nyumba ilidhani iko peke yake. Mama mkwe akasimama, na sauti ile ilivyokuwa imefungiwa siku mbili ilitoka yote. "Miaka sitini tunaambiwa siku na Sadra, tunakaa. Nani anajua kama tungekaa bila kuambiwa? Jana tumejua!" Sijawahi kuona watu wazima wanatazamana vile, kama ndio wanatambulishwa leo.

Mkuu akangoja hadi wakatulia. "Hata hivyo sheria ni sheria. Mwalimu alikipotosha kijiji. Adhabu yake ni kutoongeleshwa. Yupo hapa aliyemwongelesha Mwalimu Jumatano?"

Hakuna.

"Alhamisi?"

Hakuna.

"Basi siku mbili nzima kijiji chote hakikumwongelesha. Siku moja alitukosesha, mbili ametumikia. Imekwisha. Mwalimu, nenda darasani, saa ya kengele ya shule imeshapita."

Watu walicheka hadi wengine wakajishika mbavu, na mimi nikalia mbele ya wanafunzi wangu, sijali. Nilipokuwa naondoka Mkuu akaniita. "Na yule kaka yako? Siku zile mbili alinyamaza?"

"Sijui, Mkuu."

"Muulize. Alichonyamaza kihesabiwe."

Rentini

Jumamosi. Niko dukani kwa Daeng, sauti yake bado haijarudi, ananiongelesha kwa mikono. Nimesoma barua zako zote tatu nikiwa nimesimama. Bli, Jumatano umeandika. Alhamisi sioni barua. Nitampelekea Mkuu hesabu hiyo kama ilivyo: umetumikia siku moja, unadaiwa moja.

*

Munduk
Jumatatu, 23 Aprili

Mbok Rentini,

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama katikati ya karafuu za Mama, miguu juu ya mkeka wake, na hakunifokea. Akasema, "Soma kwa sauti." Nilipofika pale kibiriti kinapoingia kifuani, akakaa chini.

"Nani aliwaambia?"

"Hakuna, Mama."

"Haiwezekani. Watu mia tatu?"

"Nyumba, Mama. Nyumba mia tatu na kumi."

Akaanza kuzikusanya karafuu. Baadaye akaniomba nirudie kusoma pale jua linapopiga mapaa, na nikarudia.

Miaka tisa nimekuwa nikijisifu kwa watu wa hotelini kwamba nafanya kazi na watu nisiowajua, kila mmoja kwake, bila bosi, na kitu kinatokea. Mbok, sisi rangi ya kitufe tulibishania miezi mitatu. Sikujua kwamba jambo kama lenu linawezekana. Nimekaa na kompyuta iliyofungwa nusu siku nikitafuta neno la kukuandikia, na neno ni kwamba nimestaajabu, na bado sijamaliza.

Bwana wa Finlandi ameandika tena asubuhi hii. Nimemjibu kwa adabu. Taarifa yako nimeifungua upya, na sitaifunga mpaka wewe mwenyewe utoke nje alfajiri, utazame, na uniambie. Tangu leo kasoro hazifungwi na mimi, zinafungwa na aliyeziona.

Hukumu ya Mkuu nimeipokea. Mwambie ni ya haki, Jumatano nilisema maneno mengi mno. Siku yangu moja nitakuja kuitumikia kwenu Aprili ya mwakani, mpunga ukibeba mimba. Sitakuja na kompyuta. Mniweke uani kwa mama mkwe wako, anikodolee macho anavyotaka, na pakikucha nitangoja hapo hapo mkekani, sitauliza mtu kama imekwisha.

Komang